Supaantijeni na risepta ya seli T: maswali mnayoniuliza kila siku

Nafundisha kinga ya mwili kwa vijana wa afya hapa Dodoma, na kila tukifika kwenye supaantijeni, yaani protini za sumu zinazowasha seli nyingi za kinga kwa mpigo, darasa linagawanyika, kuna wanaokariri "inashika V-beta" halafu wanasonga mbele, na kuna wanaobaki na maswali mazuri kweli kweli ambayo muda wa kipindi hautoshi kuyajibu. Nimeyakusanya hapa, pamoja na yale ninayoulizwa na akina mama wanaopika kwenye sherehe na wazazi wenye watoto wadogo, maana hii mada siyo ya mtihani tu. Kitu kimoja nitakirudia mpaka mchoke: kwenye ugonjwa wa supaantijeni anayemuumiza mgonjwa ni kinga yake mwenyewe, imewashwa kwa njia ya panya. Ukishalishika hilo, matibabu, dalili, hata kwa nini kuchemsha kiporo hakusaidii, vyote vinaeleweka.

Kwanza seli T inawashwaje siku za kawaida?

Lazima tuanzie hapa, usiruke. Seli T ni askari wa kinga, na risepta ni kipokezi kilicho juu yake cha kumtambua adui. Risepta ya seli T nyingi ina minyororo miwili, alfa na beta, na kila mmoja una sehemu inayotofautiana seli na seli, tunaiita V. Kwenye ncha ya V kuna vitanzi vitatu, CDR1, CDR2 na CDR3. CDR1 na CDR2 zinatoka moja kwa moja kwenye jeni la V ulilorithi, ila CDR3 inatengenezwa pale vipande vya jeni vinapounganishwa kwa kubahatisha na herufi nyingine kuongezwa kwenye maungio, ndo maana hiyo ndo inatofautiana kuliko zote.

Sasa makrofaji au seli dendritiki au seli B inameza kijidudu, inakatakata protini zake, inachukua kipande kidogo cha peptidi inakipachika kwenye mfereji wa molekuli ya MHC, kishikio cha kuonyeshea vipande hivyo, halafu inakipandisha juu ya uso wake. Seli T inapita, inagusa, CDR3 inakaa juu ya ile peptidi inaipima. Ikiendana inawaka, isipoendana inaendelea na safari. Zinkernagel na Doherty walionyesha mwaka 1974 kwamba seli T haimtambui mvamizi akiwa peke yake, lazima aonyeshwe pamoja na MHC ya mwili wenyewe, na wakapewa Nobeli mwaka 1996. Kwa utaratibu huo antijeni moja inaamsha seli chache sana, tuseme moja kati ya elfu kumi mpaka moja kati ya milioni, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Supaantijeni inafanya nini tofauti?

Inaruka hatua zote hizo. Haihitaji kumezwa, haikatwi, haiingii kwenye mfereji. Inakuja protini nzima nzima kama ilivyotemwa na bakteria, upande mmoja inaishika MHC ya daraja la pili, ile iliyo kwenye seli kama makrofaji na seli B, kwa pembeni, upande mwingine inaishika risepta ya seli T kwenye V ya mnyororo wa beta (V-beta), halafu inavibana hivyo viwili pamoja. Chukulia mlango wa ukumbi ambao mlinzi anasoma jina na picha kwenye kitambulisho cha kila anayeingia: supaantijeni haina kitambulisho na wala haiigizi cha mtu, yenyewe inamshika mlinzi mkono inaubonyezea kitufe. Seli T inadhani imeona adui kumbe haijaona chochote.

Ushahidi wake ni mzuri sana na napenda wanafunzi waujue. Ukichukua seli zinazoonyesha antijeni ukazigandisha kwa kemikali ya paraformaldehaidi haziwezi tena kumeza wala kukatakata protini, kwa hiyo ukiziwekea antijeni ya kawaida ikiwa nzima seli T hazishtuki. Ukiziwekea supaantijeni seli T zinawaka vilevile.

Kwa nini inaamsha seli nyingi hivo?

Kwa sababu haiangalii CDR3, inaangalia familia ya V-beta. Binadamu tuna familia za V-beta ishirini na kitu, na kila supaantijeni ina familia zake inazozipenda. TSST-1, ile ya mshtuko wa sumu, inashika V-beta 2. SEB, sumu nyingine ya bakteria stafilokokasi, inashika kadhaa, 3, 12, 14, 15, 17 na 20. Sasa piga hesabu: V-beta 2 peke yake kwa mtu mzima wa kawaida ni kama asilimia 10 ya seli T hivi, na zote hizo, ya kumjua virusi wa mafua, ya kumjua kifua kikuu, ya kumjua kitu ambacho hujawahi hata kukutana nacho, zinabonyezwa kwa wakati mmoja bila kujali CDR3 zao. Kwa supaantijeni inayoshika familia kadhaa unafika asilimia 20 hadi 30 ya seli T zote za mwili. Linganisha na moja kati ya elfu kumi uone.

Tahadhari kwa wanaosoma: namba hizi ni za mfumo wa zamani, kwenye mfumo mpya V-beta 2 ya binadamu ni TRBV20-1. Ukichanganya mifumo hiyo miwili kwenye jibu moja unapotea kabisa, nimesahihisha mitihani ya aina hiyo mingi.

Inagusa wapi hasa kwenye risepta? Mwalimu fafanua, vitabu vinatuchanganya.

Hapa nakaa kidogo maana ndo moyo wa swali. Mwaka 1994 zilitoka picha za kristali zikionyesha SEB imeshikana na HLA-DR1 (HLA ndo jina la MHC ya binadamu), na nyingine ya TSST-1 na HLA-DR1 hiyohiyo, halafu mwaka 1996 ikatoka ya mnyororo wa beta ukiwa umeshikana na SEC, ndugu yake SEB. Tangu hapo tukaacha kubuni.

Protini zenyewe ni ndogo, kama kilodaltoni 22 hadi 28, zina vyumba viwili na katikati yake kuna bonde. Zile za kundi la SEB na SEC zinagusa hasa kitanzi cha CDR2 na kitanzi kingine cha nne kinaitwa HV4, ambacho antijeni ya kawaida karibu haina shughuli nacho. Kwa upande wa MHC, SEB inashika mnyororo wa alfa kwa nje ya mfereji. Ukiweka hizo picha pamoja unaona SEB imejichomeka kama kabari kati ya risepta na MHC, imeisukuma V-beta mbali na peptidi kiasi kwamba peptidi iliyopo mle mfereji haijalishi ni ya nani, inaweza kuwa ya protini yako mwenyewe. Upande wa V-alfa ndo unabaki unagusagusa MHC kidogo na hiyo inasaidia kukaza.

Lakini msiifanye hiyo SEB kuwa sheria ya zote, na hapa ndo vitabu vya muhtasari vinawaangusha. TSST-1 imelalia zaidi juu ya MHC na inagusa mwisho wa peptidi, kwa hiyo kwake aina ya peptidi inaweza kuleta tofauti. SEA, nayo ya stafilokokasi, ina sehemu mbili za kushika MHC, moja dhaifu kwenye alfa na nyingine kwenye beta inayotumia atomu ya zinki na ina nguvu kama mara mia ya ile nyingine, kwa hiyo SEA moja inaweza kuunganisha MHC mbili. SpeC ya bakteria streptokokasi inagusa vitanzi vyote vya V-beta mpaka CDR3 yenyewe. Na SEH imeamua tofauti kabisa, inashika V-alfa. Kwa hiyo ukiulizwa "supaantijeni hushika wapi" jibu la uhakika ni: MHC ya daraja la pili nje ya mfereji, na V ya risepta, mara nyingi sana V-beta, kwa mtindo unaotofautiana supaantijeni na supaantijeni.

Kama inashika hivo si lazima iwe inang'ang'ania kwa nguvu sana?

Wala. Kwa upande wa risepta mshiko wenyewe ni wa kulegea, uko kwenye kiwango cha maikromola, sawa tu na peptidi ya kawaida au dhaifu zaidi. Nguvu inatokana na kujumlisha: mshiko wa MHC, mshiko wa risepta, na ule mgusano kati ya hizo mbili zenyewe. Na kuna kingine ambacho wengi hamkifahamu. Seli T ili iwake vizuri inahitaji ishara ya pili kupitia CD28, protini nyingine juu ya uso wake, na mwaka 2011 watafiti wa Jerusalem walionyesha kwamba SEB inaishika CD28 yenyewe moja kwa moja, na wakiuziba mshiko huo kwa kipeptidi kidogo panya wanapona dozi ambayo ingewaua. Yaani hii sumu inashika ishara ya kwanza na ya pili zote. Mimi hii naiona ni moja ya kazi nzuri kabisa kwenye fani hii kwa sababu inafungua mlango wa dawa.

Ni CD4 tu au na CD8?

Zote. Hizo ni aina mbili za seli T, wasaidizi (CD4) na wauaji (CD8). Kwa kuwa mshiko haupiti kwenye njia ya kawaida ya peptidi, CD4 siyo lazima, mradi kuna seli yenye MHC ya daraja la pili jirani.

Baada ya hapo kwenye damu kinatokea nini?

Ndani ya masaa machache seli T zinamwaga saitokaini, yaani kemikali za kupeana ishara, kama IL-2, interferoni gama na TNF, na makrofaji zilizobanwa upande wa pili nazo zinamwaga TNF, IL-1 na IL-6. Kidogo kidogo hizo saitokaini ni rafiki zako, ndo zinakuletea homa ukiumwa mafua. Zikimwagwa zote kwa pamoja mwili mzima, mishipa midogo ya damu inavuja, maji yanatoka kwenye damu yanaingia kwenye nyama, presha inashuka, figo zinakosa damu, ini linaumia, mapafu yanajaa. Mgonjwa anazama kwenye maji yake mwenyewe huku mishipa ikiwa mikavu, na bakteria aliyeanzisha yote anaweza kuwa kwenye kidonda kidogo ambacho huwezi hata kukifunga bandeji.

Nani aligundua haya?

Jina la supaantijeni lilitoka mwaka 1989 kwenye maabara ya Philippa Marrack na John Kappler kule Denver, Marekani, walipokuwa wanaangalia SEB na V-beta za panya. Lakini fumbo lenyewe lilianza zamani, mwaka 1973 Festenstein alieleza kitu cha ajabu kwenye panya kinaitwa Mls, seli za panya mmoja zikichanganywa na za mwingine mwenye MHC ileile seli T zinalipuka, na watu walihangaika nacho karibu miaka ishirini. Mwaka 1991 ikaja kujulikana kwamba Mls ni protini ya kirusi cha saratani ya matiti ya panya, MMTV, kilichojiandika ndani ya jeni za panya wenyewe. Kirusi nacho kina supaantijeni! Kinaitumia kuzalisha seli ambazo kitasafiria.

Na huko huko Denver, mwaka 1978, daktari wa watoto James Todd na wenzake walieleza watoto saba wenye homa, vipele, presha kushuka na viungo kufeli, wakauita mshtuko wa sumu wakahusisha na stafilokokasi.

Huo mshtuko wa sumu si ule wa wanawake wa Marekani na tamponi? Sisi huku unatuhusu nini?

Unatuhusu, soma mpaka mwisho. Ni kweli mwaka 1980 Marekani kulitokea wimbi kubwa kwa wanawake waliokuwa kwenye hedhi, hasa watumiaji wa tamponi zinazonyonya sana, na ile ya chapa ya Rely ikaondolewa sokoni Septemba mwaka huohuo. Sababu inayokubalika ni kwamba tamponi zile zinaingiza hewa mahali ambapo kawaida hewa ni kidogo, na bakteria anahitaji oksijeni ili atengeneze TSST-1. Huku kwetu tamponi hazitumiki sana, wengi ni pedi na vitambaa, na vikombe vya hedhi kwa baadhi ya wasichana. Kwenye vikombe imewahi kuripotiwa ila ni nadra sana, cha muhimu ni kunawa mikono, kukichemsha na kutokikalisha kupita muda ulioandikwa kwenye maelekezo yake. Sitaki msichana yeyote wa Chamwino au Kongwa aache kwenda shule kwa kuogopa kitu nadra.

Kinachotuhusu zaidi ni kwamba mshtuko huu unatokea pia bila hedhi, kwa wanaume, kwa watoto, baada ya kuungua, baada ya upasuaji, mama aliyejifungua, mtu aliyewekewa pamba puani kuzuia damu. Na streptokokasi ya kundi A nayo ina supaantijeni zake, SpeA, SpeC, SmeZ, na mshtuko wake mara nyingi ni mkali kuliko wa stafilokokasi.

Mtoto akiungua uji niangalie nini?

Namjibu huyu mzazi kwa uzito wote. Mtoto mdogo, hasa chini ya miaka minne, hana bado antibodi za kuzuia TSST-1, na kidonda cha moto hata kikiwa kidogo na kinaonekana kisafi kabisa kinaweza kukaliwa na stafilokokasi. Siku mbili tatu baada ya kuungua akipata homa kali ghafla, akatapika, akaharisha, akawa hachezi, analala lala tu, mikono na miguu ya baridi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na useme kwa sauti "mwanangu aliungua juzi", maana bila hiyo sentensi watampima malaria, ikiwa hasi watampa kitu cha tumbo na mnarudi nyumbani. Usisubiri kidonda kitoe usaha ndo uamini kimeingia mdudu, kwenye ugonjwa huu kidonda mara nyingi hakionyeshi kitu.

Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyekundu kama iliyounguzwa na jua. Kwa mgonjwa mweusi nitaonaje?

Swali zuri na nasikitika vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza kukupita kabisa. Angalia viganja na nyayo, angalia weupe wa macho umekuwa mwekundu, angalia ulimi na midomo, gusa ngozi kama ina joto lisilo la kawaida, linganisha na ngozi ya ndugu yake aliyemleta. Muulize mama yake kama rangi ya mtoto imebadilika, mama anajua. Halafu homa juu ya 38.9, presha ya juu ikiwa 90 au chini kwa mtu mzima, na viungo zaidi ya kimoja vikilalamika. Kubanduka kwa ngozi ya viganja na nyayo kunakuja wiki moja mpaka mbili baadaye, hiyo inathibitisha tu, ukiisubiri kutibu umechelewa.

Chakula cha sherehe kikiumiza watu, nayo ni supaantijeni?

Mara nyingi kabisa, ndiyo. Stafilokokasi anayekaa kwenye pua na kwenye kidonda cha mpishi anatema SEA, SEB na wenzao, na hizo ni supaantijeni zilezile.

Angalia inavyokwenda. Sendofu iko jioni, nyama imenunuliwa mnada wa Msalato, imechemshwa alfajiri ikaiva vizuri kabisa, bakteria wote wamekufa. Saa nne asubuhi imepoa, dada mmoja ana jeraha la kisu kidoleni amelifunga kitambaa, anaikatakata kwa mikono kwenye beseni. Beseni linafunikwa na khanga linawekwa chini ya mti, na hili jua letu la Oktoba na Novemba mnalijua. Mpaka saa kumi jioni stafilokokasi wametoka wachache wamekuwa mamilioni na wamemwaga sumu. Halafu nyama inapashwa kwenye sufuria inatokota, bakteria wanakufa wote tena, kila mtu anaridhika kwamba imechemka. Sumu haijafa. SEA inavumilia kuchemshwa hata nusu saa na mate na tindikali ya tumbo havifanyi kitu. Saa mbili usiku wageni wanakula, kuanzia saa nne hivi wameanza kutapika mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo mama zangu mnaopika, kuchemsha tena siyo dawa ya chakula kilicholala nje. Dawa ni mwenye kidonda asiguse chakula kilichoiva, mikono inawe kwa sabuni, na nyama ikishaiva ama ibaki ya moto sana mpaka inaliwa ama iingie kwenye friji ndani ya masaa mawili, na kwa joto la huku mi nasema hata lisaa limoja. Harufu na ladha havitakuambia chochote.

Wengi wanapona ndani ya siku moja au mbili kwa maji na chumvichumvi ya ORS. Wazee, watoto na wajawazito wawahishwe.

Kule kutapika kunasababishwa na seli T?

Hapana, na hili linawakosesha wengi maksi. Protini ni ileile ila kazi mbili tofauti. Kutapika kunapitia kwenye neva ya vagasi inayotoka tumboni kwenda kwenye ubongo, na kuna watafiti waliobadilisha protini kidogo ikapoteza uwezo mmoja ikabaki na mwingine. TSST-1 ni supaantijeni kali lakini haitapishi mtu akiila.

Kama hawa bakteria wako kwenye pua za watu wengi, mbona hatuugui wote?

Kweli, karibu theluthi moja ya watu wamembeba Staphylococcus aureus puani muda wowote ukiwapima. Kwanza siyo kila aina yake ina jeni la TSST-1, jeni hilo liko kwenye kipande kinachohamahama kati ya bakteria. Pili watu wazima wengi wana antibodi dhidi yake, wamezipata polepole utotoni bila kujua, na antibodi inaizuia sumu kabla haijafika kwenye risepta. Tatu ni HLA uliyorithi. Utafiti uliotoka mwaka 2002 kwa wagonjwa wa streptokokasi ulionyesha kwamba wenye aina fulani ya HLA, DR15 na DQ6, hawakupata mshtuko mkali kama wengine japo bakteria ni walewale. Inaingia akilini ukikumbuka kwamba MHC ndo mguu wa kwanza wa huu mshiko, mguu ukikaa vibaya ishara inakuwa ndogo.

Panya wa maabara wanaugua?

Panya wa kawaida wanavumilia sana kwa sababu MHC yao inazishika sumu hizi kwa udhaifu. Ndo maana watafiti wanatumia panya waliowekewa HLA ya binadamu. Ukisoma utafiti wa panya angalia kwanza hilo.

Bakteria anafaidika nini kumuua mwenyeji wake?

Nadhani kumuua siyo lengo. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba streptokokasi aliyenyimwa supaantijeni zake anashindwa kujishikiza vizuri puani na kooni kwa panya wenye HLA ya binadamu. Maana yake kwa kiwango kidogo zinamsaidia kukaa, labda kwa kuivuruga kinga isijipange. Mshtuko ni ajali pale sumu inapovuka kwenda kwenye damu.

Zile seli T zilizowashwa zinaishia wapi?

Zinaongezeka kwa siku chache, unaweza kuzihesabu kwenye mashine ya flosaitometa ukaona V-beta 2 imepanda mara kadhaa, halafu nyingi zinakufa na zilizobaki zinapoa, hata ukizipa antijeni yao halali zinakaa kimya. Hasara yake ni kwamba wagonjwa wengi wa mshtuko wa sumu hawatengenezi antibodi nzuri baada ya kupona, kwa hiyo ugonjwa unaweza kumrudia mtu yuleyule. Mgonjwa aambiwe hili kabla hajaruhusiwa, nimeona halisemwi.

Na ile ya watoto baada ya Kovidi?

Kwenye ule uvimbe wa mwili mzima unaowapata watoto wachache wiki kadhaa baada ya Kovidi, seli T zenye TRBV11-2 (familia moja ya V-beta kwa mfumo mpya) zimekutwa zimeongezeka sana, na alama hiyo inafanana na ya supaantijeni. Wengine wakasema protini ya mwiba wa kirusi ina kipande kinachofanana na SEB. Alama ya V-beta imeonekana kwenye tafiti mbalimbali, hiyo haina ubishi, ila kama mwiba wenyewe ni supaantijeni bado ni mabishano, msiandike kama jambo lililokwisha.

Antibayotiki si inatosha? Ukimuua bakteria umemaliza.

Hapana, na natamani kila zahanati ilielewe hili. Penisilini na ndugu zake zinapasua ukuta wa bakteria, sawa, lakini sumu iliyokwisha kumwagwa ipo na seli T zimeshawashwa. Kwa hiyo kwanza dripu, maji mengi maana mishipa inavuja, na oksijeni. Pili tafuta chanzo ukitoe, kidonda kioshwe, usaha ukamuliwe, pamba itolewe, tamponi itolewe. Tatu ongeza klindamaisini juu ya antibayotiki kuu, kwa sababu hiyo inazuia bakteria kutengeneza protini na sumu yenyewe ni protini, kiwanda kinafungwa. Nne, panapopatikana, antibodi za kuchanganya za watu wengi zinazowekwa kwa mshipa, zinaizuia sumu isishike. Ni ghali na hazipo kila mahali, ushahidi wake ni mzuri zaidi kwa streptokokasi.

Vijana wa maabara, stafilokokasi akionekana sugu kwa erithromaisini msitoe jibu la klindamaisini bila kufanya D-testi, usugu wa kujificha upo.

Damu ikioteshwa bila kuota kitu, tunaufuta mshtuko wa sumu?

Msiufute. Kwenye mshtuko wa stafilokokasi damu inaotesha kwa wagonjwa wachache sana, chini ya mmoja kati ya ishirini, wakati kwa streptokokasi ni zaidi ya nusu. Bakteria amekaa kwenye kidonda au ukeni au puani na sumu peke yake ndo imesafiri. Chukueni swabu ya kidonda, ya uke, ya koo na damu, zote kabla ya dozi ya kwanza kama inawezekana, halafu dozi iingie papo hapo bila kusubiri majibu. Na kwenye fomu ya maabara andikeni "nashuku mshtuko wa sumu" badala ya "homa", ili anayepokea sampuli asimtupe stafilokokasi wa kwenye swabu akidhani ni uchafu wa ngozi.